Usukani wa Doreen

Lindsay Trevorrow aliliangusha hema la klabu yake ya magari kwenye tamasha Jumamosi asubuhi, watu wakiwa katikati ya soseji, na kama kuna kitu ambacho watu wa Broken Hill, mji wa migodi huko Australia, hawakisamehe upesi ni soseji iliyodondoka kwenye nyasi kabla haijatiwa kitunguu.

Alikuwa anarudi nyuma polepole, kulitoa gari lake kwenye mstari wa maonyesho. Gari lenyewe ni Holden Kingswood la mwaka sabini na tatu, rangi ya chungwa lililoiva, injini ya silinda nane, na jina lake Doreen. Doreen lilikuwa jina la mama mkwe wake. Lindsay alikuwa akipenda kueleza, mama mkwe mwenyewe akiwapo, kwamba gari na mama ni kitu kimoja: umbo kubwa, kinywaji kingi, na hasikii la mtu. Bampa ya nyuma, upande wa kushoto, ikaupata mguu wa hema. Mguu ukakunjika. Turubai likashuka taratibu juu ya meza, juu ya jiko la gesi, na juu ya Zoran Babic, mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa anageuza nyama.

"Simama! Simama wewe mzee!" alipiga kelele Tash. Huyu ni fundi wa kuchomea vyuma mgodini, na ndiye mdogo kuliko wote kwenye klabu, ingawa mdomo wake ulizaliwa kabla yake.

Lindsay akazima injini. Akashuka, akazunguka mpaka upande ule, akageuza kichwa kizima kuutazama uharibifu.

"Usukani umekwama," alisema.

Zoran akatoka chini ya turubai, mchuzi wa nyanya umemchora shavu. "Umekwama?"

"Nimekata kulia, haukuitika."

Jirani zao wa upande wa pili wa kamba, klabu moja kutoka Adelaide, walikuwa wameshaacha kung'arisha magari yao ili wafaidi vizuri. "Oyaa, Broken Hill!" mmoja akaita. "Mmekuja kupiga kambi au kuibomoa?"

"Tumekuja kuwafundisha kuegesha," Tash akamjibu. "Somo la kwanza mmeliona."

Watu wakacheka, na Lindsay akacheka nao, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo. Hapo ndipo mkewe, Maree, alipotokea kutoka kwenye foleni ya kahawa na vikombe viwili mkononi. Aliliona hema chini, akaona mguu uliokunjika ni wa upande gani, na kahawa yake ikaingia uchungu kabla hajaionja.

*

Jicho la kushoto la Lindsay lilikuwa limekufa. Halikupata ajali wala halikuuma. Lilijifungia tu kidogo kidogo, kama duka linalokosa wateja, mpaka siku moja likawa limefungwa. Daktari wa macho alimwambia akatoe taarifa kwenye ofisi ya leseni, akapimwe upya, na jicho la kulia liwe linaangaliwa kila baada ya miezi michache, maana ugonjwa huu haubagui. Lindsay alimshukuru daktari, akatoka, akaenda kununua nta ya gari.

Tangu hapo walikuwa na utaratibu wao. Hakuna aliyeutunga. Ulianza wenyewe siku moja kwenye mzunguko wa barabara karibu na sokoni, lori lilipotokea kushoto na Maree akaupiga ubao wa mbele kwa kiganja. Kuanzia siku hiyo, kushoto kulikuwa kwake. Pigo moja kwenye ubao, njia nyeupe. Mapigo mawili, subiri. Hivyo ndivyo watu wawili walivyoendesha gari moja kwa miaka miwili, na mmoja tu akisifiwa.

Maree aliona aibu kwa jambo hilo kuliko alivyoweza kusema. Yeye alikuwa dereva wa basi la shule. Kila siku alibeba watoto wa watu, na dereva mwenzake angethubutu kushika basi katika hali ile, angekuwa wa kwanza kumnyang'anya funguo. Lakini huyu hakuwa dereva mwenzake, alikuwa mumewe. Na tangu mgodi umstaafishe, Lindsay hakuwa na mahali pengine ambapo watu walisogea kumpa nafasi akiwasili, isipokuwa kwenye klabu hii ya Vumbi Jekundu, nyuma ya usukani ule.

Kila mwaka klabu ilishuka mji wa Mildura kwenye tamasha la magari, na kila mwaka Lindsay aliingia shindano la Kimbia-Simama. Unaondoka kwa kasi, unakata kona kushoto kulizunguka pipa, watazamaji wakiwa wamejipanga nyuma ya kizuizi upande huo huo, unarudi kwa kasi, unasimama ndani ya mraba uliochorwa kwa chokaa. Miaka yote Maree alikaa pembeni yake akiwa ameshikilia kofia yake ngumu isimwanguke. Lakini Ijumaa, walipofika tu, Zoran alisoma masharti mapya kwa sauti: mwaka huu dereva peke yake, hakuna abiria.

"Utajitoa," Maree alimwambia mumewe baadaye, wakipiga mswaki mlangoni mwa karavani lao la kulala.

"Nijitoe niseme nini?"

"Useme tumbo linauma."

"Ni mstari mmoja na kona moja, Maree. Nimeipiga kona ile mara ngapi?"

"Kona ya kushoto."

Lindsay alitema povu, akasuuza kinywa. Kisha akasema taratibu, "Usiniaibishe mbele ya watu. Hilo tu ndilo ninalokuomba." Na ombi lile lilimfunga Maree mdomo kuliko ugomvi wowote, kwa sababu katika ndoa yao yote Lindsay hakuwa mtu wa kuomba.

*

Basi Jumamosi ile, baada ya hema kuanguka, wanaklabu wakaufungua usukani.

Joto la Mildura lilikuwa limeshaamka vizuri, lile la kukausha jasho kabla halijafika shingoni. Doreen akanyanyuliwa kwa jeki, na nusu ya klabu ikalala chali chini yake: Zoran, Tash, na wazee wengine wawili ambao magoti yao yalilalamika kwa sauti. Lindsay mwenyewe alichuchumaa upande wa dereva, akipokea spana na kutoa spana, uso mzito kama daktari anayengoja majibu.

Maree aliketi kwenye kiti cha kukunja, akipaka mikate saladi ya karoti na jibini aliyoikuna tangu nyumbani. Ukimwona mtu wa Broken Hill ugenini bila saladi ile, ujue amefukuzwa kwao.

"Zungusha kushoto," Zoran akasema kutoka chini.

Lindsay akazungusha.

"Kulia. Tena. Mh!"

"Mh nini?" akauliza Lindsay.

"Mh tu. Tash, wewe unaona ninachokiona?"

"Naona kitambi chako, mwenyekiti, kimezuia mengine yote."

"Tena kitambi chenyewe kinanuka kitunguu," akasema mmoja wa wale wazee.

"Kwani kosa langu? Jiko lilinifuata lenyewe."

Waliendelea hivyo mpaka barafu ikayeyuka kwenye kasha la bia. Wakatoa hiki, wakapangusa kile, wakakirudisha. Jirani wa Adelaide wakaja kutazama, wakatoa ushauri ambao haukuombwa, wakaondoka. Maree alikuwa ameinama kuchukua mkate mwingine alipouona mkono wa Zoran, kule chini, ukiingia kwenye mfuko wa kaptula yake na kutoka umefumba.

"Tumelipata!" Zoran akapaza sauti. Akajikokota nje, akanyanyuka, akafungua kiganja. Palikuwa na bolti. "Huyu hapa mchawi wako. Ilikuwa imelegea, ndiyo maana usukani ulikwama. Tumekuwekea nyingine."

Bolti ilikuwa inang'aa, kavu, haina hata tone la grisi. Hakuna kitu kinachotoka chini ya gari la umri ule kikiwa kimeoga. Lindsay aliipokea, akaigeuza kwenye vidole vyake, akaitazama muda mrefu. Usukani ule aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, kila kipande. Haikuwezekana asijue.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Asante, jamani."

"Si kitu, mzee," akasema Zoran, akaangalia pembeni.

Maree akakiweka chini kisu cha siagi. Basi wote walijua habari ya jicho! Wameloa jasho chini ya gari zima, wamefungua usukani usio na kasoro wakaufunga, ili rafiki yao asiwe mwongo. Alisikia moyo ukimjaa shukrani, na mara hiyo hiyo hasira, kwa sababu aliona kile ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekiona.

Alimkuta Zoran nyuma ya pikapu, ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Bolti ile umeitoa mfukoni."

Zoran akaacha kunawa. "Shemeji..."

"Mmejua tangu lini?"

"Shemeji, tungefanyaje? Mtu mzima havuliwi nguo sokoni."

"Sawa. Mmemvalisha. Sasa niambie, mwenyekiti: gari limetengenezwa, usukani mzima, ana sababu gani ya kutoingia kwenye Kimbia-Simama saa tisa?"

Zoran akasahau kusuuza mikono. Sabuni ilikuwa inamdondoka kwenye viatu.

"Lakini wewe si hukaa naye?"

"Dereva peke yake. Ni wewe uliyetusomea."

"Mungu wangu." Akajipangusa usoni, akajipaka povu juu ya mchuzi wa nyanya. "Nitamwambia. Naenda sasa hivi."

"Hutamwambia. Miaka miwili hukumwambia. Na mimi sikumwambia mtu." Maree akashusha pumzi. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maneno hayo yalisahau kwamba mgonjwa huwa na wasaidizi. "Kadi yangu ya leseni iko kwenye mkoba," akasema. "Nionyeshe meza ya kuandikisha madereva iko wapi."

*

Foleni ya Kimbia-Simama ilikuwa ndefu na yenye kelele. Harufu ya mpira ulioungua ilikuwa imelala juu ya uwanja, ile harufu ambayo wake huilalamikia nyumbani na kuitamani mwaka mzima. Doreen alikuwa wa tatu kutoka mbele. Lindsay alikuwa ndani, kofia ngumu kichwani, mikono miwili kwenye usukani.

Maree alikuja kwa miguu katikati ya magari, kikuku cha karatasi cha dereva kikiwa mkononi mwake, akasimama dirishani.

"Shuka, Lin."

"Maree, watu wanatazama."

"Watazame."

Gari la mbele likaondoka kwa ngurumo. Nafasi ikaachwa. Lindsay akasogeza Doreen, na Maree akatembea sambamba naye, mkono juu ya mlango.

"Jana uliniomba nisikuaibishe," alisema. "Nimekuitikia hilo siku nyingi kabla hujaomba. Sasa mimi ndiye ninayekuomba. Watu wamejaa pale kwenye kona. Nitasimama hapa nitazame, na ubao wa kupiga sina. Usinifanyie hivyo."

Lindsay aliendelea kutazama mbele. Vidole vyake vilikuwa vimeukamata usukani mpaka vikageuka vyeupe. Mbele yao gari la pili likaondoka. Nyuma mtu akapiga honi, mwingine akamfuata.

Msichana wa tamasha, mwenye fulana ya njano, akaja mbio. "Kuna nini hapa? Nyie si ndio wa hema? Usukani tena?"

Kisingizio kilikuwa kimeletwa mpaka dirishani, kimeshamenywa. Angeitikia tu kwa kichwa, wangemsukuma kando, na klabu ingelala tena chini ya Doreen bila kuuliza. Maree alimwona akikitazama kisingizio kile. Akauachia mlango. Alikuwa amemaliza.

Lindsay akavua kofia. Nywele zake chache zilikuwa zimelowa.

"Usukani mzima," akasema, na kwa sababu ya kelele za injini ilimbidi aseme kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kizuizi. "Jicho ndilo bovu. Dereva ni huyu."

Akashuka, akampa mkewe kofia, akamfungia mshipi wa usalama kama ambavyo yeye mwenyewe alikuwa akifungiwa. "Gia ya pili ni nzito," alimwambia. "Usimbembeleze, mlazimishe. Ni kama mama yako."

Alikwenda kusimama kwenye kizuizi katikati ya Zoran na Tash, akiwa amegeuza uso ili jicho zima liutazame uwanja. Hakuna aliyempa pole. Walimsogelea tu mpaka mabega yakagusana.

Doreen akaondoka. Sauti ile ya silinda nane ilipita vifuani mwao, na kwa mara ya kwanza Lindsay aliisikia kutoka nje, akaona ilikuwa nzuri kuliko alivyokuwa akiambiwa.

"Anachelewesha gia ya pili," akanong'ona. "Sasa. Sasa! Haya, ameipata."

Kisha, kabla ya kona, mbele ya umati wote, Maree Trevorrow, aliyekuwa amebeba watoto wa shule miaka na miaka, akawasha taa ya kuonyesha anakata kushoto.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Watu walishikana. Wale wa Adelaide walipanda juu ya kizuizi wakipiga makofi kufuata mpigo wa taa. Doreen akalizunguka pipa kwa adabu, akarudi kwa ngurumo, akasimama katikati ya mraba wa chokaa, magurudumu manne ndani, ametulia kama basi lililosimama kituoni kupakia watoto. Muda wake ulikuwa mbaya kuliko wa yeyote siku ile. Lakini kwa kusimama, hakuna aliyemkaribia.

Lindsay alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alipopata pumzi akauliza bila kuwatazama, "Mlijua tangu lini?"

"Tangu ulipoupaka rangi mlango wa kushoto kwa mara ya tatu," akasema Tash.

"Na ile bolti?"

"Mpya, niliyoinunulia mashine yangu ya kukatia majani," akakiri Zoran.

"Nilijua. Ile ni ya milimita. Bolti za Doreen ni za inchi." Mwishowe akawageukia. "Saa nzima mmelala kwenye joto lile."

"Saa mbili," akasema Tash. "Na mgongo wa mwenyekiti haujarudi bado."

*

Klabu ya Vumbi Jekundu ina desturi moja. Siku ya kuondoka, wakati wa kifungua kinywa, hutolewa Pistoni. Ni pistoni halisi ya injini, imeungua na kutoboka katikati, imetiwa mnyororo, na huvishwa mwanachama aliyefanya upuuzi mkubwa kuliko wote safarini. Haivuliwi mpaka nyumbani, hata ukisimama kununua mafuta, hata ukienda chooni. Kuna mtu alifika ukweni akiwa nayo.

Jumapili asubuhi hema lilikuwa limesimama tena, mguu mmoja umefungwa ubao. Mayai yalikuwa yanakaangwa. Lindsay alikuwa amekaa mwisho wa meza, na usiku usingizi haukumjia vizuri. Ukweli ulikuwa umetoka, lakini baada ya ukweli huja asubuhi. Alikuwa akijiuliza mtu asiye na gari la kuendesha anakaaje kwenye klabu ya magari. Anapika? Anashika koleo la nyama?

Zoran akagonga kikombe. "Ndugu wanachama. Mwaka huu kazi ilikuwa ngumu. Kuna mama aliyewasha indiketa mashindanoni."

"Sheria ni sheria!" Maree akajibu, na meza ikaguna kwa furaha.

"Kuna mzee aliyelala na hema mchana kweupe. Lakini hilo ni jambo dogo, hema tunalo la akiba." Akazunguka meza na mnyororo mkononi mpaka akasimama nyuma ya Lindsay, kisha, kama mtu aliyekumbuka, akahamia upande wa kulia anakoonekana. "Pistoni ni ya Lindsay Trevorrow, kwa kuendesha miaka miwili akidhani vipofu ni sisi."

Walicheka kwa nguvu, wakapiga meza, vikombe vikaruka. Zoran akamvisha. Uzito wa pistoni ukampiga kifuani, na Lindsay akalia pale pale, mbele ya mayai. Jicho bovu nalo lililia sawasawa na zima.

"Sina la kufanya tena hapa, jamani," alisema. "Gari ataendesha Maree."

"We mzee, una wazimu?" Tash akamkaripia. "Nani atamrekebishia Doreen kabureta? Maree?"

"Mimi?" akasema Maree. "Mimi najua indiketa tu."

"Katiba inasema mwanachama ni mwenye gari," akasema Zoran. "Niliiandika mwenyewe. Haisemi mwenye macho. Kula mayai yako. Jumatatu unampigia daktari simu, na usipopiga, tunakuja kufungua usukani tena."

"Nitapiga."

"Na mashine yangu ya majani inataka bolti."

*

Waliondoka wa mwisho, Maree kwenye usukani, Lindsay kushoto kwake na Pistoni shingoni. Klabu iliwangoja nje ya lango, magari yamewasha taa, kwa sababu Doreen ndiye huongoza msafara, na hakuna aliyewaza kubadilisha hilo.

Kukaa upande ule kulikuwa na jambo ambalo Lindsay hakulitarajia. Jicho lililokufa lilielekea dirishani, na jicho zima lilielekea kwa mkewe. Alimwona alivyouma mdomo akibadilisha gia, alivyokaa wima kama yuko kazini. Miaka miwili garini, Maree alikuwa upande wa jicho lililokufa.

"Unanitazama nini?"

"Nakagua dereva."

Walifika njia panda ya barabara kuu ya kaskazini, inayopanda kwenda nyumbani. Maree akasimama kabisa. Akatazama kulia. Kisha, kwa utaratibu wao ule ule, safari hii yeye akiwa ndiye dereva, akauliza, "Kushoto?"

Lindsay akajiweka sawa kitini. Akageuza kichwa kizima, na mabega, Pistoni ikagonga mlango, mpaka jicho lake zima likaiona barabara yote, tupu, mpaka inapoishia kwenye joto. Akanyoosha mkono, akapiga ubao mara moja.

Maree akatabasamu. Halafu akatazama kushoto mwenyewe, maana mapenzi ni mapenzi na barabara ni barabara, akawasha indiketa, wakaenda nyumbani.